Chakula cha Magokoro Nyanchama

Nyanchwa, Kisii
18 Februari 2024

Ndugu yangu Alfayo,

Nakusalimu wewe, Linda na watoto. Huku tuko wazima, ila vumbi la mlima huu limenipa kikohozi kisichotaka kuisha. Natasha alirudi kazini Jumanne. Yule ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, mniambie alizaa nini.

Utashangaa kuletewa barua na Onyiego wa bodaboda, na simu zetu zote zinafanya kazi. Nimeifunga namba yako kwa makusudi. Nikisikia sauti yako nitasema neno, na ukoo wetu tayari una neno moja la kuutosha mwaka huu. Kwa hiyo tutaandikiana. Ukimaliza kuandika, barua ilale nyumbani siku mbili tatu, uisome tena. Ukiona bado inafaa, mpe Onyiego akija na ndizi zangu. Ukiona haifai, ichome. Mimi niliandika ya kwanza Jumatatu nikaichoma, na shukuru Mungu hukuisoma.

Kazi yangu unaijua. Mtu anamtukana jirani yake kortini kwa Ekegusii, nami nasimama mbele ya hakimu nalitafsiri tusi lile kwa Kiswahili safi, na uso wangu hausemi kitu. Hasira za watu zinapita kinywani mwangu kutwa nzima, jioni narudi nyumbani nakaanga mboga. Nimejivunia sana uso huo. Jumapili ile hapo kwako uliniangusha.

Nilikuwa jikoni na wanawake, tunapakua. Wageni wa Kebirigo, wazee wa Ian, walikuwa wamekuja kwa heshima kuzungumza mahari ya binti yangu Natasha. Baba yetu hayupo, wewe ndiye mjomba wa binti, kwa hiyo wewe ndiye msemaji. Wewe pia ndiye uliyekuwa esigani, yule anayetumwa kuuchunguza kimyakimya ukoo wa mchumba kabla mambo hayajafika mbali. Nilisikia mtu akicheka, halafu sauti yako ikapita ukutani: "Mnatupima sisi, na nyinyi ni wajukuu wa omorogi? Magokoro yenu Nyanchama, si Kebirigo yote inajua anakimbia usiku?" Kisha nikasikia viti. Nilipotoka na sinia, wageni walikuwa wamefika kwenye lango, na nyama ikabaki yote.

Alfayo, umemwita magokoro, bibi yake Ian, mchawi mbele ya uwanja mzima wa watu. Ni mjane mzee anayekaa peke yake na kuuza mboga za chinsaga sokoni. Unajua neno hilo hufanya nini kwetu likishatoka nje. Nimetafsiri kesi za nyumba zilizochomwa kwa sababu yake, na kila mara aliyelisema kwanza alidai alikuwa na hasira tu. Juzi mtu alirusha mawe juu ya bati la bibi huyo. Ian ndiye aliyemwambia Natasha.

Naona aibu hata kupita stendi wanapopandia magari ya Nyamira na Kebirigo. Niandikie, lakini tulia kwanza.

Dada yako,
Esnah


Itumbe
3 Machi 2024

Dada Esnah,

Pokea salamu zetu. Ng'ombe alizaa dume, yaani hata yeye hakuwa na habari njema. Linda anakusalimu. Mimi pia ananisalimu siku hizi, ila anapitishia kwa watoto. Majani ya chai yamechipuka vizuri, na mvua ikiendelea hivi tutachuma mpaka vidole viwe vyeusi.

Barua yako nimeilaza kama ulivyoagiza, mara mbili, kabla ya kuisoma na baada. Niliiweka juu ya kabati nikawa napita pembeni.

Nilisema. Siwezi kukana, maana hata mbuzi waliokuwa nyuma ya nyumba walisikia. Esigani akienda kuchunguza huambiwa mengi, na kazi yake ni kupepeta. Kule Kebirigo kila niliyemuuliza aliniambia hao ni watu wema. Mmoja tu, mwanamke anayegombania mpaka wa migomba na huyo magokoro, ndiye aliyesema eti bibi hutembea usiku. Niliona ni takataka, sikukuletea hata wewe. Lakini naona sikuitupa. Niliiweka tu mahali, na siku ya hasira mkono ukaipata bila kutafuta.

Hasira hasara, nimeiandika ubaoni tangu darasa la pili. Haikunisaidia kitu.

Unataka kujua nilichokozwa na nini. Ni Bosire, baba mdogo wa Ian. Alichosema sitakiandika. Usiniulize tena, hata barua ilale mwaka.

Kinachonitisha ni kingine. Nilidhani watu watanichukia. Badala yake, pale kituo cha kununulia majani wananisogelea. Wananiambia, "Alfayo, sisi tulijua. Hebu tuambie ile ingine." Jamaa mmoja aliniuliza kama nilimwona na macho yangu. Nikamwambia sijaona kitu, ilikuwa hasira. Akacheka: "Wewe unaogopa akuroge." Nikikana, naogopa. Nikinyamaza, nakubali. Na yule mama amekaa huko peke yake na bati lake.

Nataka Sabato ijayo nisimame kanisani niseme nilidanganya. Halafu niende soko la Kebirigo, nikodi kipaza sauti cha wale wanaouza sumu ya panya, nitangaze mpaka mwisho wa soko. Niambie kama ni sawa. Nimechoka kujisikia hivi.

Ndugu yako mwenye mdomo,
Alfayo


Nyanchwa
10 Machi 2024

Ndugu yangu,

Salamu kwenu. Mwambie Linda kikohozi kimepungua, na asali aliyonitumia imenisaidia. Natasha alikuja Sabato. Alinipikia chai, akaniwekea mezani, akaenda kunywa yake nje.

Usitangaze. Nakuomba, usiguse kipaza sauti. Ukisimama sokoni useme kwa kelele kwamba mama fulani si mchawi, hata wale waliokuwa hawajasikia watauliza kwa nini inatangazwa. Shahidi anayekana kwa sauti kubwa nimemwona mara nyingi, na hakimu huacha kuandika. Hasira ilikukimbiza ukasema. Sasa aibu inakukimbiza useme tena. Aibu nayo ina haraka zake, inataka tu ituondokee. Haiulizi kama magokoro atapona.

Kwa hiyo hatuamui sasa. Tukae nayo mpaka tuone ni nini kitamsaidia yeye, hata kama sisi tutaendelea kujisikia vibaya. Nimewaomba kina Ian magokoro asilale peke yake, na Valentine, binamu yake Ian, amehamia kwake. Mawe yameacha. Kilichobaki ni kwamba hakuna anayenunua chinsaga yake. Anakaa sokoni kutwa na mafungu yake, anarudi nayo nyumbani yamenyauka. Wanaomfahamu tangu utotoni wanamsalimu kwa mbali kisha wananunua kwa jirani.

Mazungumzo ya mahari yamesimama. Ian anasema hatamwacha Natasha, lakini hawezi kuwaambia wazee wake warudi kwetu wakati bibi yake yuko hivyo. Ana haki.

Na Bosire alisema nini? Mimi ni mtu mzima.

Dada yako,
Esnah


Itumbe
31 Machi 2024

Dada,

Tunakusalimu. Linda sasa ananisemesha, ila ni kunituma tu. Mvua ya mawe ilipita upande wa pili wa mto, shamba letu ikaliacha.

Umetulia mpaka mwezi umeisha. Mimi ningekuwa wewe ningekuwa nimeshakosea mara nne, lakini angalau ningekuwa nimefanya kitu. Hata hivyo najaribu dawa yako. Nimeanza kutembea na kipande cha muwa mfukoni. Mtu akinichokoza naung'ata, natafuna mpaka maji yaishe, ndipo najibu. Juzi mmoja aliniita "mpiga ramli" mbele ya wachumaji wote. Nilitafuna muwa mzima. Alipoona nanyamaza akachoka akaenda zake, na mimi nikabaki na meno yanauma.

Sasa nisikilize, na usikasirike. Nimefanya jambo. Nilimpa Onyiego pesa siku ya soko nikamwambia anunue chinsaga yote ya magokoro Nyanchama, asimwambie imetoka kwa nani. Akanunua yote. Mama akafurahi, akamwongezea fungu la bure. Nikaona nimepata njia. Kumbe huyo bwana, kabla hajatoka hata sokoni, alifungua gunia akawamwagia ng'ombe wa mtu hapo kando ya barabara. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Si uliniambia ninunue? Hukuniambia nikule." Watu wa soko zima waliona. Sasa wanasema hata pesa yake ni ya huruma, mboga ni ya ng'ombe.

Nilimfokea Onyiego, halafu nikanyamaza katikati, kwa sababu nilikumbuka mimi pia sikuwa nimemwambia aniletee hata fungu moja. Nilikuwa nimepanga ziishie wapi? Sijui. Naogopa kujiuliza.

Alfayo


Nyanchwa
7 Aprili 2024

Ndugu yangu Alfayo,

Salamu zenu nimezipata, na ndizi pia. Onyiego ameniangalia kwa aibu, nikamlipa bila kumsema.

Bosire nimeshajua. Natasha aliniambia, baada ya kumbana. Kwamba aliuliza mahari ya binti aliyezaliwa bila baba atalipwa nani, na kama mama yake huwatafsiria mahakimu mchana tu au na usiku. Nilisikia hayo asubuhi, nikaenda kazini. Nilitafsiri kesi mbili bila kukosea neno, kisha nikajifungia chooni nikalia mpaka karani akabisha hodi.

Asante kwa kunificha. Naisema mara moja, ikae. Lakini ulinitetea kwa kumrushia mtu mwingine moto, mtu ambaye hakuwepo na hajawahi kunikosea. Bosire amekaa salama kwake. Kwa hiyo hasira yangu imepata nyumba mbili za kulala, kwako na kwa Bosire, na zote nimezikataza. Nikiifuata sitaona njia.

Njia nimeiona kwenye barua yako, pale pa ng'ombe. Hakuna maneno yatakayomsafisha magokoro. Watu wetu hawaulizi umesema nini juu ya mtu, wanaangalia kama unakula kwake. Mtu akishukiwa, chakula chake ndicho cha kwanza kuogopwa. Basi nenda ule. Nenda nyumbani kwake, jua likiwa juu, watu wakipita. Usipeleke zawadi, isije ikasemwa umekwenda kumnyamazisha. Omba msamaha kwa sauti ya kawaida. Halafu, akikupa chakula, kula mbele ya macho yao. Asipokupa, rudi, uende tena wiki ingine.

Usiende kabla hujaweza kumsikiliza akikutukana. Ana haki ya kukutukana.

Esnah


Itumbe
5 Mei 2024

Dada yangu Esnah,

Tuko wazima. Linda amepika chapati leo bila kuombwa, kwa hiyo ujue mambo yameanza kurudi.

Nilikwenda. Nilifika nikamkuta amekaa uwanjani anapukuchua maharagwe, na Valentine anafua. Ng'ambo ya migomba alikuwepo yule jirani wa mpaka na wenzake wawili. Waliponiona waliacha hata kujifanya wanalima. Mwili wote ulikuwa unatetemeka. Nilivua kofia nikasema, "Mama, ni mimi Alfayo wa Itumbe, niliyesema."

Hakuinua uso. "Najua ni wewe. Sauti yako ni kubwa, ilinifikia hapa."

Nikamwambia nilidanganya, sina nilichoona, niliokota neno la takataka nikamtupia kwa hasira za kuchokozwa na mwingine. Aliendelea na maharagwe yake mpaka ungo ukaisha. Halafu akauliza, "Umekula?"

Nilisema bado. Aliingia jikoni mwenyewe, akamkataza Valentine. Alikaa huko sana, Esnah. Nilisikia kila kuni ikivunjwa. Nafikiri alitaka majirani waite na wengine, na waliita. Akaleta obokima, ugali wa wimbi, na chinsaga, akaiweka nje, juu ya kigoda, mahali ambapo hata mpita njia anaona. Mboga hakuitia maziwa. Ilikuwa chungu kama dawa ya malaria, na aliketi mbele yangu akiangalia nikimeza. Nilikula yote. Nikaomba ingine. Sikuwa nafikiria mchawi wala nini, nilikuwa nafikiria tu kwamba nisipomaliza nitalia, na sitaki kulia mbele ya yule jirani.

Nilipoaga alisema, "Wewe ni mjinga lakini umekula." Nikashika hiyo kama baraka.

Siku ya soko iliyofuata Onyiego mwenyewe alinunua fungu, akamwambia mama muuza samaki wa karibu amchemshie, akala hapohapo amesimama. Wanawake wawili walinunua baada yake. Valentine anasema sasa karibu nusu ya mafungu yanaisha. Bosire naye amekuja kwangu kunipa mkono. Nilitafuna muwa kwanza, nikampa.

Kuna jambo moja. Magokoro anasema, mimi wanasema ni mtu wa kurukaruka, leo natukana, kesho nakula. Anasema, "Dada yako yule wa korti ndiye wanamheshimu. Akila yeye, itaisha." Anakungoja. Amesema atakuwekea mboga ya maziwa.

Nenda, dada. Ni rahisi kuliko ulivyoniandikia.

Alfayo


Nyanchwa
2 Juni 2024

Ndugu yangu,

Salamu kwenu wote. Mvua imetulowesha wiki nzima na barabara ya mlimani imekuwa tope tupu. Natasha yuko salama. Kazini kesi ni nyingi, hata Jumapili naleta karatasi nyumbani.

Nilikwenda Kebirigo kama ulivyoniambia. Tulikaa vizuri. Magokoro alinipokea kwa heshima, na chakula kilikuwa kizuri. Nitakuandikia zaidi nikipata nafasi.

Wasalimie.

Esnah


Itumbe
23 Juni 2024

Dada Esnah,

Nakusalimu. Hapa tuko wazima.

Hii ni barua ya tatu. Mbili nimezichoma, kama ulivyonifundisha, na sasa najua ulikuwa unajisikiaje Februari.

Mwanamke mmoja wa Kebirigo ameolewa hapa karibu. Alikuja kwa Linda akamwambia kwamba ulikwenda kwa magokoro Nyanchama ukiwa umevaa vizuri, ukapakuliwa, na hukula. Linda alimwambia ni uongo, dada yetu alituandikia alikula. Nilimwambia Linda anyamaze. Nikaichukua ile barua yako nikaisoma tena. Uliandika chakula kilikuwa kizuri. Hukuandika ulikula.

Sikupigii simu, ingawa nimeshika simu mara nyingi. Nakuuliza tu, kwa sababu Valentine amemwambia Ian kwamba soko limerudi kama lilivyokuwa, na mawe yamelia tena juu ya bati. Niambie ilikuwaje. Mimi sitakusema. Nitakusema na mdomo upi?

Ndugu yako,
Alfayo


Nyanchwa
14 Julai 2024

Ndugu yangu Alfayo,

Nawasalimu. Barua hii imechelewa kwa sababu mjini maduka yalifungwa siku za maandamano na Onyiego hakufika, lakini hata angefika nisingekuwa na kitu cha kumpa. Natasha hanisemeshi. Anajua, na sasa ujue na wewe.

Nilikwenda Jumapili, jua likiwa juu, kama nilivyokuagiza wewe. Nilivaa suti ya kazini ili watu waone ni mimi. Nilijiandaa wiki nzima. Nilipanga nitasema nini, nitakaa wapi, nitakula kiasi gani. Magokoro alikuwa amefagia uwanja. Mboga ilikuwa ya maziwa, iliyolazwa siku tatu, ile ya wageni wa heshima. Watu walikuwa wengi ng'ambo ya migomba, na wengine waliingia kabisa uwanjani wakajifanya wamekuja kumsalimu Valentine. Nilinawa. Nilimega tonge, nikachovya, nikainua mkono. Na mkono ukasimama.

Sikuwa namuogopa yeye. Nilimwangalia, nikaona mama mzee aliyepika. Lakini yalinijia yote niliyowahi kutafsiri: alikula kwake akavimba tumbo, alipewa uji akapoteza akili, mtoto wake alionja akafa. Miaka yote hiyo niliyasema kwa utulivu nikidhani yanapita tu kinywani. Kumbe yalikuwa yanabaki. Ningekuwa nayakasirikia au kuyacheka kama watu wengine, labda ningejua kwamba nayaamini. Nimekula chumvi ya serikali, nimesoma, naimba kanisani, na sikuweza kumeza tonge la bibi ya mkwe wangu.

Nililirudisha kwenye sahani. Nikasema tumbo halinikai vizuri. Magokoro alinitazama kidogo, kisha akaifunika sahani yangu kwa sahani nyingine. Alisema, "Si kitu, mwanangu. Wewe umetulia sana." 

Uso wangu haukubadilika, Alfayo. Hilo ndilo linaloniua. Ningetetemeka kama wewe, au ningelia, wangesema ni majuto yamemkaba. Nilikaa wima, nimenyooka, kama ninavyokaa mbele ya hakimu. Wakaona mtu mwenye akili zake amefikiri vizuri na kuamua.

Barua yako iliponifikia nilijua sina pa kujificha. Jumapili iliyopita nilipanda tena Kebirigo nikiwa sijala tangu jana yake, ili nisiwe na kisingizio. Nilikuta kufuli mlangoni. Uwanja haujafagiwa, na kigoda kimelala kifudifudi. Yule jirani wa mpaka alikuja akanisalimu kwa mikono miwili. Aliniambia mwanawe magokoro alitoka Narok na pikapu, akampakia mama na kitanda, na Valentine akarudi kwao. Aliniambia mama alikataa sana kupanda gari. Alisema nyumba yake iko hapa na mume wake amezikwa hapa, na kule Narok akifa watamzika wapi. Walimbeba.

Nilimuuliza kama ni kwa sababu ya maneno ya kaka yangu. Akatikisa kichwa. "Hapana. Yule wa kelele tulishamsahau, na mboga tulikuwa tumeanza kununua. Lakini wewe ni mtu wa korti. Hukukurupuka. Ulifikiria kwanza." Aliniambia hivyo kwa kunisifu. Halafu akaingia kwenye migomba ya magokoro, upande wa huku wa mpaka, akakata mkungu mzima akanipa zawadi. Na mimi, kwa adabu, nikaupokea.

Uko hapa jikoni, umeanza kuiva. Nimeomba likizo kuanzia Jumatatu ya wiki ijayo. Ian amenielekeza kwa mwanawe magokoro huko Narok na kuniambia wazi kwamba hawatanikaribisha. Nitaubeba mkungu huu mpaka mlangoni kwao. Nitamwambia magokoro ni wake, na ni nani aliyeukata, na ni nani aliyeupokea. Akinipa chakula nitakula. Asiponipa, nitakaa nje mpaka aniambie niondoke.

Dada yako,
Esnah